Silaha na Kusimama: Waefeso 6 Inavyohubiriwa Kuhusu Pemba

Ni nadra mhubiri wa bara ataje kisiwa cha Pemba bila kufungua Waefeso 6. Sifa ya Pemba kwa uganga ni ya zamani, na watu kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki wamekwenda huko kutafuta dawa au kujifunza. Tena wakazi wake karibu wote ni Waislamu. Mambo haya mawili huunganishwa mimbarini yakawa jambo moja: Pemba ni ngome ya giza, nasi twavaa silaha kwenda kuibomoa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mahubiri ya namna hiyo, hata yakitolewa kwa bidii na machozi, hayana msingi katika andiko lenyewe.

Tuanze na neno. Kiyunani ni panoplia, yaani mavazi na zana zote za askari aliye tayari. Biblia ya Union ya mwaka 1952 imeliandika "silaha". Msharika wa leo akisikia silaha huona bunduki. Haoni mshipi wala viatu. Lakini tukiitazama orodha ya Mtume (suala la mwandishi wa waraka tuliache kwa leo), mshipi, dirii, viatu, ngao na chapeo vyote ni vya kumhifadhi avaaye. Upanga peke yake ndio unaopiga, nao ni Neno. Viatu vyenyewe ni vya Injili ya amani. Zaidi ya hayo, dirii na chapeo ni vazi la Mungu mwenyewe katika Isaya 59. Askari hapewi kitu alichojifulia.

Jambo zito zaidi ni kitenzi. Katika aya ya 11 hadi ya 14 Kiyunani kinatumia kitenzi cha kusimama, pamoja na kile kilichoundwa kutokana nacho, mara nne. Union imeweka "kuzipinga" katika aya ya 11, na "kushindana" mahali pa kwanza katika aya ya 13. La aya ya 13 lina utetezi wake. La aya ya 11 naona vigumu kulitetea. Matokeo ni kwamba msomaji wa Kiyunani humwona askari asiyeondoka mahali alipowekwa, na msomaji wa Kiswahili humwona askari anayeshambulia. Mahubiri yetu mengi yamezaliwa katika tofauti hiyo.

Na adui ni nani? Mtume asema wazi kwamba si mwanadamu wa damu na nyama. Aya hii twaikariri sana, kisha twaisahau. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianza Pemba ikafika Unguja. Watu walilala nje, makundi makundi, wakiwasha moto. Mjini Unguja umati ulimuua mtu mwenye ugonjwa wa akili, ukimdhania kuwa ndiye. Waliofanya hivyo hawakuwa wamesikia mahubiri yetu. Lakini ndivyo inavyokuwa vita ya rohoni ikitafutiwa mwili wa kupigwa, na mhubiri anayemwonyesha jirani kwa kidole akisema "nguvu za giza" hayuko mbali na umati ule.

Pemba yenyewe inayo historia nyingine ya kutufundisha. Mwezi wa Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika Unguja na Pemba. Amri ilikuwa na mapengo: mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, mwenye shamba alilipwa fidia, na masuria hawakuhusika. Mwaka huo huo Marafiki, yaani Waquaker wa Uingereza, walifika Pemba wakaanzisha misheni Banani, katikati ya mikarafuu, kwa ajili ya walioachwa huru. Wenye mashamba hawakufurahi, na maofisa wa Kiingereza waliogopa zao la karafuu lisianguke. Marafiki hawa ni watu wanaokataa vita vyote. Walisimama kinyume cha falme na mamlaka kwa maana halisi kabisa ya maneno hayo, bila kumfanya Mwarabu au Mpemba yeyote kuwa shetani. Mshipi wa kweli watudai tuseme na hili: wao nao walikuwa na shamba, wakahitaji mikono ile ile ya kuchuma karafuu, hata mwajiri na mhubiri wakawa mtu mmoja. Kanisa lililotoka katika kazi yao limebaki dogo.

Sisi Walutheri tungepaswa kulifahamu hili mapema. Mwaka 1529, Waturuki walipoitishia Ulaya, Luther aliandika kwamba Kaisari aweza kuwalinda raia wake kwa kuwa ni mtawala, lakini vita isipiganwe kwa jina la Kristo. Sehemu ya Wakristo ni toba na sala. Maneno yake juu ya dini ya Waturuki yalikuwa makali, wala simtetei katika hayo. Ila alijua kutenganisha.

Atauliza mtu: je, upinzani haupo? Upo. Mwaka 2012 makanisa yalichomwa moto Unguja, na tarehe 17 Februari 2013 Padre Evaristus Mushi aliuawa huko kwa risasi. Mwenye kuyajua hayo hawezi kuliita andiko hili mfano mtupu. Lakini Mkristo anayeishi Chake Chake au Wete hasafiri kwenda vitani na kurudi bara siku ya Jumatatu. Hununua samaki kwa jirani yake, humfanyia kazi, huenda mazikoni kwake. Mhubiri mgeni akiisha kupaza sauti na kupanda boti, ni yeye anayebaki kujibu maswali sokoni. Kwake "simameni" ni amri ngumu kuliko "shambulieni", nayo ndiyo aliyopewa.

Ningependa wanafunzi wetu, wanapoandaa mahubiri juu ya andiko hili, wasiishie penye upanga kama ilivyo desturi, bali wasome hadi aya ya 20. Hapo aliyeagiza vazi lote hilo yumo minyororoni. Haombi afunguliwe, wala waliomfunga waangamizwe. Anaomba aombewe, apate kusema.