Shule Mbili, Hadithi Moja

Filamu ya *Fame* (1980), iliyoongozwa na Alan Parker, husifiwa kwa dansi na muziki wake. Mimi nataka kuihakiki kwa kile isichokionyesha. Hoja yangu ni kwamba asasi mbili za sanaa zinapounganishwa, inayobaki vinywani mwa watu si ile kongwe wala iliyo bora, bali ile iliyopata msimuliaji.

Tuanze na historia kidogo. Mwaka 1936 Meya wa New York, Fiorello LaGuardia, alianzisha shule ya sekondari ya umma kwa vijana wenye vipaji vya muziki na uchoraji. Iliitwa High School of Music & Art, nayo ilikuwa kilimani huko Harlem. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikazaliwa nyingine, School of Performing Arts, iliyokuja kukaa karibu na majumba ya maonyesho ya Broadway na kufundisha maigizo, dansi na muziki. Mwaka 1961 shule hizi ziliunganishwa kiutawala, lakini kila moja ikabaki kwenye jengo lake. Ilichukua miaka 23, hadi 1984, kuziweka chini ya paa moja jirani na Lincoln Center. Tuseme ilikuwa ndoa ya makaratasi, mume kwake na mke kwake.

Filamu ilitoka katikati ya kipindi hicho, nayo inahusu ile shule ya pili tu. Inawafuata vijana toka siku ya majaribio ya kujiunga hadi mahafali, miaka minne, wakiwa wamegawanyika katika maigizo, muziki na dansi. Wahusika wamechorwa vizuri, hilo sibishi. Leroy, fundi wa dansi ambaye kusoma kunamshinda, ananigusa mimi mwanafunzi wa fasihi. Bruno naye, anayebishana na mwalimu wake juu ya vinanda vya umeme, anaibua mgogoro wa kweli baina ya ukale na usasa. Lakini mchoraji yuko wapi? Hayupo.

Wapo watakaosema: jamani, filamu ni ya shule moja, ya nini kudai nyingine? Nakubali. Parker hakuahidi kutuandikia historia. Aidha, jina rasmi la shule iliyounganishwa limetenda haki: Fiorello H. LaGuardia High School of Music & Art and Performing Arts. Majina yote mawili ya zamani yamo. Ila hebu tujiulize, nani atalitamka lote hilo akiwa kwenye basi? Watu wameishia kuiita shule ya *Fame*. Na kinachochekesha ni kwamba wakuu wa elimu wa jiji walikataa filamu hiyo isipigwe ndani ya shule. Hadithi waliyoifungia mlango ndiyo iliyokuja kuwapa jina.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa mtazamo wangu jibu limo katika fani. Mcheza dansi anaruka barabarani juu ya magari na kamera inamfuata. Mchoraji anakaa saa tatu mbele ya picha ileile. Kamera itamfuata wapi? Darasani tumezoea kusema kwamba msanii ana dhamira kwanza, kisha anaitafutia fani. Hapa naona kinyume chake: fani imechagua maudhui, na maudhui yakachagua nani akumbukwe. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Nitasema wazi kwa nini jambo hili linaniuma. Mwaka jana vikundi viwili vya maigizo vya wanafunzi viliunganishwa hapa kwetu. Kimoja kilikuwa na miswada iliyopigwa chapa na picha za kila onyesho. Kingine, ambacho nilikuwamo mimi, kilitunga papo kwa papo, kwa ngoma na vichekesho, na hakikuandika kitu. Siku ya onyesho la kwanza la pamoja, mshereheshaji alisoma historia ya kikundi. Ilikuwa ya wale wenzetu, mwanzo mpaka mwisho. Sikuona hila yoyote. Alisoma kilichokuwepo.

Kwa hiyo sipingi kuunganisha. Wachoraji na waigizaji wa New York wamefaidika kukaa jengo moja, na sisi sasa tuna jukwaa kubwa zaidi. Ninachopinga ni ule uvivu wetu wa kudhani kwamba onyesho likipendeza litajikumbuka lenyewe. Nimenunua daftari. Mpaka sasa nimeandika michezo minne kutoka kichwani, na wa tano nimeusahau mwisho wake, ule wa mpangaji na mwenye nyumba. Ndugu msomaji, kama ulikuwepo ukumbini siku ile, nitafute uniambie uliishaje.