Mjukuu Mwenye Damu ya Mwana

Bwana mifugo akipita kijijini, ushauri wake kuhusu dume la mbegu ni uleule kila mwaka: mitamba aliyoizaa ikikaribia kupandwa, dume aondoke, auzwe au abadilishwe na wa jirani, asije akapanda binti zake. Ni ushauri mzuri, na mwenye ng'ombe kumi na wawili hana ujanja mwingine. Akina Kleberg wa King Ranch, kusini mwa Texas, waliupa kisogo. Kwa miongo kadhaa walipandisha farasi ndugu kwa ndugu, kwa makusudi na kwa hesabu, na mwaka 1941 mmoja wa farasi hao akaandikwa namba 1 katika daftari la nasaba la Quarter Horse, aina ya farasi iliyopata jina kwa mbio zake za robo maili.

Ranchi yenyewe ilianzishwa na Richard King, nahodha wa meli za mtoni, aliyenunua ardhi kando ya kijito cha Santa Gertrudis mwaka 1853. Alipofariki mwaka 1885, mjane wake Henrietta na mkwe wake Robert Kleberg waliishika. Leo ina ekari 825,000, karibu mara mbili ya kisiwa cha Unguja. Aliyeijengea jina la farasi hasa ni mjukuu wa King, naye akiitwa Robert Kleberg kama baba yake. Wengi walimwita Bob.

Mwaka 1915 binamu yake, Caesar Kleberg, alinunua mtoto wa farasi kutoka kwa George Clegg, mfugaji wa mji wa Alice. Baba wa mtoto huyo alikuwa Hickory Bill, wa uzao wa Peter McCue aliyevuma katika mbio fupi. Mama alikuwa jike wa damu ya mbio kutoka Kentucky. Rangi yake nyekundu ya shaba ndiyo iliyompa jina, Old Sorrel. Kabla ya kufanywa dume la mbegu alitiwa tandiko na kupelekwa kwenye ng'ombe kama farasi mwingine yeyote. Bob alimpanda mwenyewe, akamwona hana mfano.

Hapo ndipo penye mtihani ambao kila mfugaji anaujua. Ukipata mnyama bora, utamfanyaje asipotee? Mwana huchukua nusu ya damu yake. Mjukuu, robo. Kitukuu, sehemu moja ya nane. Akifika kilembwe, sifa iliyokufanya umpende imeshachanganyika na za watu baki hadi huioni tena.

Bob alianza kwa kumpandisha Old Sorrel kwa majike wengi, wengi wao wakiwa wa damu ya mbio au karibu yake. Katika wana waliozaliwa akamchagua mmoja, Solis, kisha akampeleka kwa binti za Old Sorrel waliozaliwa na mama wengine. Kwa lugha ya nyumbani, kaka na dada wa baba mmoja. Wimpy, aliyezaliwa mwaka 1937, ni tunda la mpango huo: baba yake Solis, mama yake Panda, na wote wawili ni watoto wa Old Sorrel.

Piga hesabu. Kwa upande wa baba, Wimpy amepata robo ya babu yake. Kwa upande wa mama, robo nyingine. Jumla ni nusu. Yaani huyu ni mjukuu, lakini kwa kiasi cha damu analingana na mwana. Bob alikuwa amesogea kizazi kizima mbele bila kumwacha mzee nyuma. Na ile nusu iliyobaki imetoka kwa bibi wawili tofauti, ambao kila mmoja aliingiza kitu kipya.

Gharama ipo. Wimpy alikuwa na uwezekano wa moja kwa nane, sawa na asilimia 12.5, kwamba chembe yoyote ya urithi iliyoko kwake ni nakala mbili za kitu kilekile kimoja kutoka kwa Old Sorrel. Kama mzee alificha kasoro, hapo ndipo ingejitokeza. Njia fupi zaidi, ya kumpandisha baba kwa binti, ingempa mtoto robo tatu ya damu ya mzee, lakini hatari nayo ingepanda hadi asilimia 25. Ndugu wa baba mmoja ni biashara ya wastani: unabaki na nusu ya mzee, unalipa nusu ya hatari.

Wanaosifu King Ranch huishia kwenye hesabu hii, na nadhani wanaishia mapema mno. Kuoanisha ndugu hakuumbi uzuri wala ubaya, kunavifunua tu. Kinachofanya kazi ni chekeche linalofuata, na chekeche la akina Kleberg lilikuwa ng'ombe. Walikuwa na farasi wengi kiasi cha kuwatoa bila huruma wale ambao hesabu iliwaangusha. Mwenye majike watatu angeoanisha vilevile na kuishia na vilema.

Chekeche hilo lilishikwa na Kineños, wachunga ng'ombe wenye asili ya Meksiko. Inasimuliwa kwamba mwaka 1854, wakati wa ukame, King alinunua ng'ombe wa kijiji cha Cruillas katika jimbo la Tamaulipas, na wanakijiji wakamfuata na familia zao. Wajukuu zao ndio waliokuwa wakikaa juu ya tandiko la wajukuu wa Old Sorrel.

Mtazame farasi wa namna hii akimtenga ndama. Mpandaji anaingia kundini taratibu, anamchagua mmoja, anamsogeza hadi nje. Kisha analegeza hatamu, mkono unashuka hadi shingoni mwa farasi, na tangu hapo mwenye kuamua ni farasi. Kichwa kinashuka usawa wa macho ya ndama. Miguu ya nyuma inazama udongoni, ya mbele inabaki myepesi. Ndama akiinamisha bega kushoto, farasi ameshafika kushoto. Wenyewe wanasema ana akili ya ng'ombe. Akili hiyo haionekani farasi akiwa amesimama zizini, hata umkague meno na kwato siku nzima.

Kwa hiyo kuna kejeli ndogo katika ile namba 1. Chama cha Quarter Horse kilipoundwa mwaka 1940, kiliitenga namba hiyo kwa dume atakayeshinda maonyesho ya Fort Worth ya mwaka uliofuata. Wimpy alishinda uwanjani kwa umbo lake, mbele ya mwamuzi, bila ndama hata mmoja. Old Sorrel mwenyewe aliandikwa baadaye, namba 209.

Familia hiyohiyo ilifuga pia farasi wa mbio ndefu, na huko jicho lingewaponza. Assault, aliyezaliwa mwaka 1943, alikanyaga kijiti cha wapima ardhi akiwa mdogo, kikamtoboa ukwato. Ukwato ukakua umepinda, na akitembea alionekana kuchechemea. Mwaka 1946 alishinda mbio zote tatu kuu za Marekani za farasi wa miaka mitatu. Angepimwa kwa mwendo wake wa kutoka zizini, asingefika popote.

Mlango uliofungwa kwa muda mrefu hatimaye huhitaji upepo. Miaka ya 1970 ranchi ilitoka nje kutafuta dume, ikamnunua Mr San Peppy, bingwa wa dunia wa mashindano ya kutenga ng'ombe mwaka 1974 na tena 1976. Mwanawe, Peppy San Badger, alishinda mashindano makubwa ya chipukizi ya mchezo huo mwaka 1977 akiwa na Buster Welch mgongoni, naye akawa dume la mbegu la King Ranch.

Sasa fuata upande wa mama wa huyo Mr San Peppy aliyetoka nje. Mama yake ni Peppy Belle. Baba wa Peppy Belle ni Pep Up, damu ya King Ranch. Baba wa Pep Up ni Macanudo, na Macanudo ni mwana wa Old Sorrel. Walikuwa wamemnunua kilembwe wao.