Mume Namba Nane: Eneagramu, Msongo na Toba

Katika semina ya wanandoa tuliyoiongoza usharikani, baba mmoja aliulizwa kwa nini alikaa majuma mawili bila kusema na mkewe. Alijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kujielewa: "Mchungaji, mimi ni Nane. Nane akibanwa anakwenda Tano, anajifungia. Sikununa. Ndivyo nilivyo." Mkewe alimtazama, kisha akasema, "Haya baba, basi huyo Tano naye aje aniombe msamaha." Ukumbi mzima ulicheka. Sisi tuliokuwa mbele hatukucheka sana, maana maswali ya kumtafutia kila mtu namba yake tulikuwa tumeyagawa sisi wenyewe juma lililotangulia.

Ndiyo sababu tulirudi kukisoma upya kitabu ambacho wengi wetu tulikutana nacho tukiwa chuo cha theolojia: Das Enneagramm: Die 9 Gesichter der Seele, yaani nyuso tisa za nafsi, cha Richard Rohr na Andreas Ebert. Kilitoka Ujerumani mwaka 1989, kikatafsiriwa kwa Kiingereza baadaye, na vitabu vingi vya Kikristo juu ya Eneagramu vilivyofuata vimepita katika njia hiyo. Rohr ni padre Mfransisko wa Marekani. Ebert ni mchungaji wa Kilutheri wa Bavaria. Kwa hiyo hatuwezi kukitupa kando kwa kusema ni mambo ya watu wa nje. Hili limo nyumbani mwetu, na linahitaji kupimwa kama mambo ya nyumbani yanavyopimwa.

Tuanze na haki yake. Eneagramu ni duara lenye nukta tisa, na kila nukta ni aina ya hulka. Kitabu hiki hakimsifii mtu. Kinampa kila mmoja dhambi yake ya mzizi: Moja ana hasira, Mbili ana kiburi, Tatu ana udanganyifu, Nne ana wivu, Tano ana choyo, Sita ana hofu, Saba ana ulafi, Nane ana tamaa isiyo na mpaka, Tisa ana uvivu wa moyo. Atakayeijua orodha ya kale ya dhambi saba ataona kwamba mbili zimeongezwa, hofu na udanganyifu. Sisi tunaona nyongeza hiyo ni ya busara. Ni mara ngapi tumehubiri juu ya ulafi na tukaiacha hofu ipite mlangoni kama mgeni mwenye adabu? Mababa wa jangwani nao, kama Evagrius wa karne ya 4, waliorodhesha mawazo mabaya yanayomwinda mtawa, wala hawakuona kazi hiyo kuwa ya bure. Mtu anayesoma sura ya aina yake katika Rohr na Ebert kwa uaminifu huona aibu, na waandishi wanataka iwe hivyo. Yule baba wa semina yetu hakuona aibu yoyote. Alijibu maswali tu, akapewa namba.

Shida yetu iko kwenye mishale. Ndani ya duara kuna mistari, na mafundisho yanasema kwamba mtu aliyebanwa na msongo hufuata mstari upande mmoja, na mtu anayekua huufuata upande wa pili. Katika msongo Moja huenda Nne, Nne huenda Mbili, Mbili huenda Nane, Nane huenda Tano, Tano huenda Saba, na Saba hurudi Moja. Tisa, Sita na Tatu wana pembetatu yao. Katika kukua mishale hugeuka. Sasa, mpangilio huo ulitoka wapi? Gawanya moja kwa saba: unapata 142857, ikijirudia bila mwisho. Mishale inafuata tarakimu hizo hizo. Mchoro ulifundishwa na Gurdjieff, mwalimu wa elimu ya siri, kabla haujahusishwa na hulka za watu. Oscar Ichazo, mzaliwa wa Bolivia, ndiye aliyeweka hulka kwenye nukta zile, na Claudio Naranjo, daktari wa magonjwa ya akili wa Chile, akazieleza kwa lugha ya saikolojia katika miaka ya 1970; kutoka kwake zikafika kwa Wajesuiti wa Marekani. Maana yake ni kwamba mistari ilikuwapo kwanza, watu wakatafutiwa nafasi juu yake. Mwaka 2021 jopo la watafiti lilipitia tafiti zilizokuwapo juu ya Eneagramu. Lilikuta matokeo mchanganyiko kuhusu aina zenyewe, na kuhusu huku kuhama kutoka aina moja hadi nyingine likakuta kazi ndogo sana iliyofanyika. Kwa hiyo anayesema "Nane akibanwa huenda Tano" kama anavyosema maji yakipoa huganda, anasema zaidi ya anachokijua.

Hata hivyo tukiri kwamba mshale mmoja ulitugusa. Mbili, mtu wa kuhudumia, akizidiwa huenda Nane na kuanza kuamrisha. Soma Luka 10. Martha anamkaribisha Yesu, anahangaika na utumishi mwingi, na mara anamwambia Bwana amwamuru dada yake. Mgeni anapewa maagizo nyumbani mwa mwenyeji! Mama yeyote wa umoja wa wanawake aliyewahi kupika kwenye mkutano wa jimbo anaijua saa ile, sufuria zinapochemka na wengine wamekaa wakiimba. Eneagramu inaiona saa hiyo vizuri. Lakini tazama Yesu anafanya nini. Anamwita Martha kwa jina lake mara mbili, na kumwonyesha kilicho cha lazima, nacho kimeketi mbele yake. Kwa mshale wa kukua, Mbili angetumwa kwenda Nne, azichunguze hisia zake. Yesu hakumtuma ndani ya nafsi yake kabisa. Huko alikuwa amekwisha kukaa siku nzima.

Hapa ndipo Ebert, mchungaji mwenzetu, anatushangaza. Mlutheri angetegemewa kukumbuka kwamba Luther, alipofundisha Warumi mwaka 1515 na 1516, alimweleza mwenye dhambi kama mtu aliyejikunja ndani yake mwenyewe, hata mema ya Mungu akiyavuta kwake. Kama huo ndio ugonjwa, basi kujichunguza kwingi kunaweza kuwa mkunjo mwingine tu, wa kisomi zaidi. Kitabu kinaizungumzia neema, na kinazungumza vizuri. Lakini neema inakaa kwenye sentensi, na kukua kunakaa kwenye mchoro. Msomaji mchovu ataukumbuka mchoro. Vatikano nayo, katika waraka wa mwaka 2003 juu ya harakati za Zama Mpya, ilionya kwamba Eneagramu ikifanywa njia ya kukua kiroho huleta utata katika imani. Si kila siku tunaafikiana na Roma. Kwa hili tunaafikiana.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu hakiliulizi. Msongo unatoka wapi? Ukisoma sura zake unadhani msongo hutoka ndani, kama homa. Lakini mwinjilisti mwenye mitaa minne, baiskeli moja, na posho iliyochelewa miezi mitatu hana tatizo la mshale. Tukimwuliza namba yake kabla ya kumwuliza kama amekula, tumemtwika mzigo wa pili: sasa anapaswa kuona haya kwa kuchoka. Katika 1 Wafalme 19 Eliya amelala chini ya mti, anaomba afe. Malaika hamwelezi hulka ya manabii wakibanwa. Anamwamsha, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, anamlisha mara ya pili. Mazungumzo yanakuja baadaye, mlimani, na hata huko Mungu anamwuliza anafanya nini pale, kisha anampa kazi na mtu wa kumsaidia. Mabaraza yetu ya wazee yanapenda semina za nafsi kwa sababu, tuseme kweli, ni rahisi kuliko posho.

Basi je, tuichome moto? Hapana. Kwa watu wawili wanaopendana na wanaoweza kucheka pamoja, Eneagramu inaweza kufungua maongezi ambayo yamekwama miaka kumi. Inamsaidia mke kuona kwamba mume wake mwenye hofu hamchukii. Ila asiwepo mtu wa kumpa mwenzake namba, na watoto wa kipaimara wasipewe kabisa. Mtoto wa miaka kumi na minne aliyeambiwa kuwa yeye ni Nne ataivaa Nne hiyo kama sare. Namba haina uwezo wa kubeba dhambi ya mtu. Inaweza kuieleza tu, na maelezo yakizidi hugeuka wakili.

Tulipokutana tena na wanandoa wale, tuliyaacha maswali ya simu tukafungua Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, mahali Luther anapofundisha juu ya maungamo. Kule mtu haulizwi yeye ni aina gani. Anatazama nafasi aliyowekwa kwa kuipima na Amri Kumi: ni baba, mama, mtoto, bwana au mtumishi, na ndani ya nafasi hiyo amemkosea nani kwa neno au kwa tendo. Swali hilo ni la kawaida mno, hata tulikuwa tumelizoea na kulipita.

Yule baba alikuwepo. Tulimkumbusha kwanza kwamba, hata kwa mchoro wake mwenyewe, Nane ana mshale wa pili, ule wa kukua, nao unaelekea Mbili, kwenye kuhudumia, huo hakuutaja. Alitabasamu. Kisha tukamwuliza: kwa mama huyu aliyekaa hapa, wewe ni nani?

"Mume," akasema.

Na mume huyo alifanya nini majuma yale mawili? Alikaa kimya kwa muda. Halafu akaanza kuhesabu, si kwa namba za duara bali kwa siku: Jumatatu alikataa chakula. Jumatano mtoto alikuwa na homa, na yeye alisikia mlango ukifunguliwa usiku, akajifanya amelala. Hapo aligeuka kutoka kwetu, akamwelekea mkewe, na tuliobaki tukatoka nje kwenda kunywa chai.