Mzigo Mmoja, Safari Kumi

Kila Jumanne ya pili ya mwezi, kwa utaratibu ulioanza Oktoba 2003, Microsoft hutoa masasisho yake ya usalama. Kwa kawaida hutoka saa nne asubuhi huko pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu Kenya ni saa mbili usiku, au saa tatu wenzetu wakiwa katika majira ya baridi. Saa hizo saiba nyingi zimeshafungwa. Mzigo hukutana na mwenye saiba Jumatano asubuhi: kompyuta kumi zinawashwa kwa mpigo, na kila moja inakwenda peke yake kutafuta faili zilezile anazotafuta jirani yake.

Katika mji kama Sigor, kule Chepalungu katika kaunti ya Bomet, saiba si mahali pa mchezo. Hapo ndipo watu huwasilishia marejesho ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni, huombea mikopo ya HELB na hulipia huduma za eCitizen. Mteja anaketi, kompyuta inakwama, na lawama zote zinaupata mtandao. Nasema lawama hizo ni za haki nusu tu. Kusasisha programu kuna uzito wa aina mbili. Wa kwanza ni hasara tupu na unaweza kuondolewa. Wa pili ndio unaoiokoa kompyuta stima inapopotea, na asiyeutofautisha na ule wa kwanza huishia kuzima masasisho yote.

Kuzima ni kosa kubwa, na ushahidi upo. Kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa na mnyoo wa kompyuta wa WannaCry kilitolewa tarehe 14 Machi 2017. Mnyoo wenyewe ulianza kuenea duniani tarehe 12 Mei. Waliopigwa walikuwa na karibu miezi miwili ya kujikinga.

Nitaeleza kwa kutumia Linux, hasa Ubuntu na ndugu yake Mint, kwa sababu huko kila hatua inaonekana kwa macho. Tena ndiko baadhi wanakoelekea sasa. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Zile kompyuta za mezani zinazouzwa kwa jina la ex-UK, zenye Intel ya kizazi cha nne, zimeachwa nje ya mlango zikiwa bado nzima.

Ukiamuru Ubuntu ijisasishe, programu ya apt huanza kwa kuleta orodha ya vifurushi vilivyomo ghalani na kukagua sahihi ya kidijitali ya orodha hiyo. Kisha inapiga hesabu ya utegemezi: kifurushi hiki kinahitaji kile, na kile kinataka toleo fulani la kingine. Halafu inaleta vifurushi vyenyewe. Kazi ya mtandao inaishia hapo. Kuanzia hapo inayofanya kazi ni programu nyingine, dpkg, na ukichomoa waya wa intaneti hutaona tofauti yoyote. Hata hivyo, kwenye kompyuta yenye diski ya zamani, hapa ndipo mstari wa maendeleo husimama mpaka mtu akadhani imeganda.

Sababu yake ni ya kuvutia. Dpkg haiandiki faili jipya moja kwa moja juu ya lile la zamani. Hulifungua kwanza kando, likiwa na kiambishi cha .dpkg-new, halafu hubadilisha jina ili lipya likae mahali pa la zamani kwa kitendo kimoja. Mbinu hiyo ilitosha kwa miaka mingi. Ndipo Oktoba 2009 Ubuntu 9.10 ikaifanya ext4 kuwa mfumo wake wa faili wa kawaida. Ili kuongeza kasi, ext4 huchelewesha kuandika data kwenye diski. Jina lingeweza kubadilishwa kabla yaliyomo hayajaandikwa, na stima ikipotea katika sekunde hizo, kompyuta inawaka ikiwa na faili lenye jina sahihi na baiti sifuri ndani yake.

Watunzaji wa dpkg walijibu mwaka 2010 kwa kuilazimisha diski ithibitishe kila faili kabla ya jina kubadilishwa. Malalamiko yakafuata mara moja, kwamba usakinishaji umekuwa wa kobe. Hesabu inaonyesha kwa nini. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hufanya mizunguko 120 kwa sekunde. Uthibitisho elfu kumi, hata kama kila mmoja ungechukua mzunguko mmoja tu, ni zaidi ya sekunde 80 za kusubiri, na kichwa cha diski kinachorukaruka huzidisha muda huo. Baadaye walipunguza makali kwa kuyakusanya maombi hayo pamoja. Lakini kanuni ilibaki, na nafurahi kwamba ilibaki. Vifurushi vya kerneli pekee huja na maelfu ya faili ndogondogo, na kila moja lazima lifike salama.

Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima ya Kenya kwa mkupuo mmoja. Kompyuta iliyokuwa katikati ya kusasishwa usiku ule haikulazimika kufa. Dpkg huweka kumbukumbu ya hali ya kila kifurushi, kama kimefunguliwa tu au kimeshasanidiwa. Stima ikirudi, amri ya dpkg --configure -a huendeleza kazi iliyokatika. Fundi anayeahidi kukuondolea kungoja huku kwa kuzima uthibitisho wa diski anakuuzia hatari, labda kama una UPS unayoiamini.

Huo ndio uzito wa pili. Ninachokilaumu mimi ni ule wa kwanza, yaani safari ya kila kompyuta kwenda kuleta faili zilezile. Kenya ilishawahi kulijadili jambo hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Kabla ya KIXP, kituo cha kubadilishana data kati ya watoa huduma wa intaneti nchini, barua pepe kutoka kwa mtoa huduma mmoja wa Nairobi kwenda kwa mwingine wa Nairobi ilipitia setilaiti mpaka ng'ambo na kurudi. Kituo hicho kilipofunguliwa Novemba 2000, Telkom Kenya ililalamika, na mdhibiti akaamuru kifungwe ndani ya wiki chache. Kilirudi Februari 2002 kikiwa na leseni, na safari iliyochukua zaidi ya sekunde moja ikawa sehemu ndogo tu ya sekunde. Leo data inayotoka ng'ambo inategemea nyaya za baharini, na zinaposhindwa, kama EASSy na Seacom zilivyokatika pamoja Mei 2024, Bomet inahisi.

Ndani ya saiba dawa ni ileile. Mkulima wa chai habebi majani yake hadi kiwandani. Anayapeleka kituo cha kununulia, na lori moja linabeba ya wote. Apt-cacher-ng ndiyo kituo hicho. Unaiweka kwenye mashine moja, hata kuukuu, nayo inasikiliza kwenye mlango wa 3142. Kila kompyuta nyingine inaongezewa mstari mmoja wa kuielekeza huko. Ya kwanza kuomba kifurushi husababisha kiletwe kutoka nje. Zinazofuata hukipata kwa kasi ya waya wa ndani bila kugusa bando. Swali la usalama linajibika: kila kifurushi hupimwa kwa alama ya SHA-256 iliyomo katika orodha yenye sahihi, kwa hiyo mashine ya katikati haiwezi kukibadilisha bila apt kukataa.

Windows 10 na 11 zina kitu cha jamii hiyo, Delivery Optimization, kinachoruhusu kompyuta kugawiana vipande vya masasisho. Kikwazo chake kwa mipangilio ya kawaida ni kwamba mashine yenye RAM isiyofika GB 4 haishirikishwi. Pia, ikiwa kila kompyuta inapata mtandao kwa simu yake, hakuna jirani wa kugawiana naye.

Kuna faida nyingine inayosahaulika. Kwa kuwa kuleta na kusakinisha ni kazi mbili, zinaweza kufanywa kwa nyakati mbili. Amri ya apt-get upgrade --download-only huleta tu. Mtandao ukikatika, vipande vilivyofika hubaki na kazi huendelea pale ilipoishia. Lete usiku kwa bando la bei nafuu, sakinisha wakati stima imetulia na hakuna mteja kitini.

Mpango huu una pengo moja. Tangu toleo la 22.04, Firefox ya Ubuntu huja kama kifurushi cha aina ya snap tu, na snap haipiti kwa apt-cacher-ng. Ina ghala lake, na kwa kawaida hukagua masasisho mara nne kwa siku kwa ratiba yake yenyewe. Kivinjari ndicho programu inayofanya kazi kuliko zote saibani, na ndicho kinachosasishwa mara nyingi. Mint hutoa Firefox kama kifurushi cha kawaida cha deb, kwa hiyo kinapita njia ya kituo kama vingine. Kwa saiba ya Sigor ningechagua Mint kwa sababu hiyo moja tu.