Mizani ya Kumpimia Fundi wa Kupoza Kompyuta za Gemu

Mwenye kutaka kuujua ustadi wa fundi wa kompyuta za mkononi zichezewazo gemu asihadaike na tarakimu anayooneshwa mezani mara mashine inapowashwa, kwani hakuna mashine isiyokuwa baridi katika dakika zake za mwanzo. Prosesa nyingi za aina hii hustahimili joto hadi karibu ya nyuzi 100, na zikifika hapo hujipunguzia kasi zenyewe kwa kujihami, ndipo gemu ikaanza kukwamakwama. Kipimo cha haki, basi, ni gemu nzito ichezwe nusu saa katika chumba kile kile ambamo mwenyewe huchezea, kisha itazamwe tofauti iliyopo baina ya joto la prosesa na joto la chumba.

Tofauti hiyo ndiyo mizani, maana feni haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Hapa Mombasa joto la mchana mwezi wa Machi hukaribia nyuzi 33, na Agosti, kusi inapovuma, hushuka hadi kiasi cha 28. Hivyo kompyuta iliyosoma nyuzi 80 huko Ulaya, katika chumba cha nyuzi 22, ikisoma 90 Kisauni saa nane za mchana wakati wa kaskazi, haina ila yoyote, na fundi anayeahidi 70 kwa mashine hiyo hiyo ama ameizuia prosesa isifikie kasi yake ya juu, ama anaongopa.

Baada ya mizani hutazamwa mkono. Asiye stadi hupuliza blowa kupitia matundu ya nje, vumbi likaruka, akaamini amemaliza. Ilhali linalodhuru ni utando wa nyuzi za nguo na nywele, na huko Changamwe, penye malori mchana kutwa, wa masizi pia, ulioganda baina ya feni na mapezi ya kupozea, usioonekana mpaka feni ifunguliwe na kuinuliwa. Fundi bora huubandua ukiwa mzima kama kipande cha kitambaa, na apulizapo huizuia feni kwa kidole isizunguke kupita kiasi ikaharibika.

Hali kadhalika pesti ya kupitishia joto, ipakwayo baina ya chipu na bamba la kupozea. Mtake fundi akuoneshe uso wa shaba wa bamba hilo kabla ya kuufuta: pesti iliyokauka ikapasuka, au iliyokimbilia kandoni ikaacha katikati wazi, ni ushahidi bayana. Stadi huusafisha uso huo kwa spiriti mpaka ung'are, hupaka pesti ya kufunika chipu tu, kisha hukaza skrubu kidogo kidogo kwa kufuata nambari zilizochapwa juu ya bamba. Vibandiko laini vya chipu za kumbukumbu huvirudisha kwa unene ule ule, kwani vikizidi hata nusu milimita bamba huinuka na prosesa ikakosa kugusana nalo. Ama madini ya maji yenye galiamu, hayo hupitisha umeme na hula aluminiamu. Anayeyapaka bila kuchunguza bamba ni la madini gani, mkimbie.

Fundi wa kuaminiwa hukupa vipimo viwili, cha kabla na cha baada, kwa gemu moja na chumba kimoja, na hukutaka urudi baada ya miezi michache avipime tena. Kwani pesti duni nayo hupendeza wiki ya kwanza, na ubora wa kazi hii hudhihirika katika kudumu kwake.