Bei, Siku na Mahali

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haina soko la hisa. Hata hivyo, mtu akipita Makiso, katikati ya Kisangani, ataona bei ikifanya kazi tangu asubuhi. Kambisti, yaani mbadilisha fedha, amekaa nyuma ya meza ndogo, mabunda ya faranga yamefungwa kwa mipira, kikokotoo kiko karibu. Mteja akileta noti ya dola mia, kambisti hakimbilii hesabu. Anainyoosha noti, anaigeuza, anapitisha kidole kwenye kingo zote nne, kwa sababu nchini humo dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa, au huchukuliwa kwa bei pungufu. Kisha anataja bei. Anazo mbili kichwani, ya kununulia na ya kuuzia, na riziki yake imo katikati ya hizo mbili. Akilimbikiza dola halafu dola ikashuka, hasara ni yake.

Kampuni za uwekezaji za New York, London na Chicago hufanya kazi ya namna hiyo kwa mabilioni, ila huko bei hutajwa na programu, mara nyingi kabla binadamu hajapepesa jicho. Anayeiandika programu hiyo si mnunuzi, wala si lazima awe mwanahisabati aliyebuni kanuni, ingawa hana budi kuelewana na wote wawili. Yeye ndiye anayepokea wazo lililoandikwa ubaoni na kuligeuza kuwa kitu kinachoweza kuaminiwa na pesa za watu. Ni ufundi wa hali ya juu, na Kisangani ni mahali pafaapo kuusifia, maana historia ya fedha ya Kongo ingemtoa jasho fundi yeyote wa kazi hii.

Zana zake haziko mbali. Lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, haiuzwi. Pandas, zana ya kupanga majedwali ya data ambayo leo inatumika kila pembe ya dunia, ilianzishwa na Wes McKinney mwaka 2008 alipokuwa akifanya kazi AQR, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, na baadaye ikafunguliwa kwa kila mtu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani akipata kompyuta, umeme na intaneti, anashika zana ile ile inayoshikwa na wanaolipwa mishahara minono ng'ambo.

Lakini zana haitoshi. Kabla njia mpya ya biashara haijakabidhiwa pesa halisi, fundi huijaribu kwa bei za zamani: kama tungefuata kanuni hii miaka 20 iliyopita, tungepata faida au hasara? Mtego mkubwa upo hapo. Programu isipozuiwa, hujifanya nabii. Inatumia bei ya jioni kuamua manunuzi ya asubuhi, na faida inayotoka humo inavutia mno. Tuseme mtu anajaribu biashara ya almasi ya Kisangani ya miaka ya 1980, baada ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, kuruhusu uchimbaji na ununuzi wa watu wadogo na mji ukajaa maduka ya wanunuzi wa mawe. Dola ilipopanda Kinshasa, nani mjini Kisangani alijua, na alijua siku gani? Kati ya miji hiyo miwili kuna safari ya mto ya kilomita zipatazo 1,700, na watu wa kawaida hawakuwa na simu za mkononi. Kwa hiyo fundi makini huandika tarehe mbili kwa kila bei: siku ilipotokea, na siku ilipojulikana na yule aliyetakiwa kuamua. Hiyo safu ya pili ndiyo inayomtofautisha na mtu anayejua kuandika programu tu.

Kisha kuna fedha yenyewe. Oktoba 1993 serikali ya Mobutu ilitoa zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni 3. Kitu kilichouzwa kwa zaire milioni 9 kikawa cha zaire mpya 3. Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukizidisha, faranga moja ni sawa na zaire za zamani bilioni 300. Programu isiyoambiwa habari hizi itaona bei za nchi nzima zikiporomoka usiku mmoja, nayo itaagiza kununua kila kitu kwa furaha.

Fundi wa kawaida atarekebisha hilo kwa mistari michache: kabla ya tarehe fulani, gawa. Fundi hodari atauliza zaidi, na hapo Kongo itamlipa kwa udadisi wake. Eneo la Kasai lilikataa zaire mpya. Watu wa huko waliendelea kununua na kuuza kwa noti za zamani wakati sehemu nyingine za nchi zimeshabadilisha. Nchi moja, siku moja, fedha mbili. Mstari wa “kabla ya tarehe fulani, gawa” unasema kweli Kinshasa na unasema uongo Mbuji-Mayi, mji wa Kasai. Tarehe peke yake haitoshi, inabidi kila bei ibebe jina la mahali ilipotokea. Hakuna kitabu cha kanuni kitakachomwambia mtu jambo hilo. Anayelijua ni yule aliyesoma historia, au aliyeketi na wazee waliozishika noti zile. Ndiyo maana inauma kuona kazi hii ikidhaniwa kuwa ni ya watu wa namba peke yao.

Makosa madogo nayo hujilimbikiza. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo chake cha bei za hisa mwaka 1982 kikiwa 1,000. Kila biashara ilipofanyika, kompyuta ilikokotoa upya na kukata tarakimu zilizozidi badala ya kuzikadiria kwa iliyo karibu. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilisoma takriban 525, wakati jibu sahihi lilikuwa karibu 1,099. Zaidi ya nusu ya thamani ilipotea kwenye karatasi, chembe kwa chembe, bila mtu kuiba senti.

Tarehe 1 Agosti 2012 ikaonyesha upande mwingine. Kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilikuwa imeweka programu mpya kwenye seva zake, lakini kati ya nane, moja ilisahaulika. Hiyo ya nane ilibaki na kipande cha programu ya zamani kisichotumika tena, na alama ya kuwasha kazi mpya ilikuwa ndiyo ile ile iliyokiwasha kipande hicho hapo zamani. Soko lilipofunguliwa, seva ikaanza kutuma maagizo bila kujua yameshatimizwa. Katika dakika kama 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400. Waliohitajika siku zilizotangulia ni watu wawili wenye subira: wa kufuta kilichokufa, na wa kukagua seva moja baada ya nyingine. Kazi kama hiyo haimpi mtu jina, na mwenye kuifanya vizuri hakuna anayejua alizuia nini.

Mtihani mgumu kuliko yote ni siku ambazo hazina bei. Kuanzia Jumatatu tarehe 5 hadi Jumamosi tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga ndani ya Kisangani. Mamia ya raia waliuawa. Jedwali la bei za mji huu lazima liwe na pengo hapo, na pandas inatoa amri moja fupi ya kuziba mapengo: rudia bei ya mwisho mpaka ipatikane nyingine. Amri hiyo ni halali kwa Jumapili au sikukuu. Ukiitumia kwenye wiki ile, bei haitikisiki siku sita mfululizo, na kwa kuwa hatari hupimwa kwa jinsi bei inavyotikisika, programu itahitimisha kwamba wiki ya mizinga ilikuwa wiki tulivu kuliko zote za mwaka. Fundi mwenye dhamiri anaacha pengo liwe pengo, na pembeni yake anaandika sababu, ili atakayeirithi programu asije akaliziba kwa kudhani ni uzembe.

Uhaba wa kumbukumbu una gharama hata nje ya masoko. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua tarehe 9 Februari 2022 kiasi ambacho Uganda ingelipa Kongo kwa madhara ya vita, ushahidi wa hasara moja moja haukutosheleza, ikabidi ikadirie kwa jumla: dola milioni 225 kwa watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Jumla ni milioni 325, kulipwa kwa awamu tano za milioni 65 kuanzia Septemba mwaka huo. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11.