Jinsi ya Kuipima Programu Inayokaa Ndani ya Mtandao

Mwaka 1996 David Tennenhouse na David Wetherall wa MIT walipendekeza mtandao ambao pakiti zake zingebeba programu, na kila ruta njiani ingeziendesha. Wazo hilo halikuenea lilivyokuwa, lakini warithi wake wanatumika: swichi zinazoandikiwa programu kwa P4, lugha iliyopendekezwa mwaka 2014, na eBPF, inayoendesha programu ndani ya kiini cha Linux, iliyoanza mwaka huohuo. Kwa anayeandika, anayenunua au anayekagua programu za aina hii, haya ndiyo ya kutazama.

Mahali

Uliza kwanza kwa nini kazi hiyo ifanyike njiani. Mwaka 1984 watafiti Saltzer, Reed na Clark walieleza uzito wa swali hilo kwa mfano wa kuhamisha faili: hata kila kipande cha njia kikiwa salama, kompyuta inayopokea bado inalazimika kulihakiki faili zima, maana hitilafu yaweza kutokea kwenye diski yake yenyewe. Programu inayostahili kukaa njiani hufanya lile ambalo kompyuta za mwisho haziwezi. Urefu wa foleni ndani ya swichi huonwa na swichi, basi na upimwe hapo. Mafuriko ya pakiti za shambulio hayana budi kutupwa kabla hayajailemea seva. XDP ya Linux huyatupa mapema kabisa, kwenye draiva ya kadi ya mtandao. Programu isiyo na jibu la namna hii irudishwe kwenye seva, hata kama imeandikwa kwa ustadi.

Muda

Kwenye gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti ndogo kabisa za Etheneti zaweza kufika kila baada ya nanosekunde 67. Kwenye gigabiti 100, chini ya 7. Prosesa ya gigahezi 3 hupata mapigo 200 hivi katika hizo 67, na safari moja tu ya kumbukumbu kuu yaweza kuyamaliza. Kwa hiyo usiridhike na wastani. Dai kikomo cha juu cha kazi kwa kila pakiti. Kihakiki cha eBPF huikagua programu kabla haijaanza kufanya kazi, na huikataa kama hakiwezi kuthibitisha kwamba itafika mwisho. Ukali huo ni ubora.

Kumbukumbu

Programu inayotunza rekodi ya kila muunganisho ina maswali mawili ya kujibu: jedwali likijaa inakuwaje, na njia ikibadilika pakiti zikapita swichi nyingine inakuwaje? Iliyo bora, ikipoteza yote inayoyakumbuka, mawasiliano hupungua kasi lakini hayakatiki.

Adabu

Programu njema huyapitisha yale isiyoyaelewa. Vifaa vya katikati vilivyozoea kutupa au kubadili pakiti zenye alama ngeni vimeifanya TCP iwe ngumu kuboreshwa. Ndiyo maana waliounda itifaki ya QUIC, iliyotangazwa kuwa kiwango mwaka 2021, walisimba sehemu kubwa ya taarifa za usafirishaji ili kifaa cha katikati kisiweze kuzichezea. Ikague programu yako kwa kupitisha pakiti za itifaki ambayo haijawahi kuiona.

Dhamana

Wetherall alipoutathmini ANTS, mfumo wake wa pakiti zinazobeba programu, mwaka 1999, alieleza kwamba kuilinda ruta moja kunawezekana, lakini kuuzuia mtandao mzima usilemewe na programu moja kulihitaji programu zithibitishwe na mamlaka inayoaminika. Basi ijulikane nani ameisaini, nani anaweza kuisoma, na nani ana ruhusa ya kuiondoa.

Mwisho, ifanyie jaribio ambalo muuzaji huenda asikuonyeshe: izime wakati mtandao una kazi nyingi. Kama ni ya kuzuia mashambulio, bila shambulio huduma ziendelee kama kawaida. Kama ni ya kupima, vipimo tu ndivyo vikose. Ikiwa kuizima kunaangusha huduma ambazo haikuwekwa kuzihudumia, imejipa kazi isiyo yake, na kasi yoyote inayojivunia haiilipii hasara hiyo.